Karani Mstaafu Anajibu: "Mama, hilo halihusiani"

SWALI: Shikamoo Mzee Karani. Marehemu baba alituachia shamba la mikorosho hapa Tandahimba. Jirani amevuka mpaka, anaokota korosho zetu. Kwenye baraza la ardhi nilieleza alivyo mlevi, alivyomfukuza mkewe na alivyokuja msibani kwetu bila kuchangia hata senti. Mwenyekiti akawa ananikatiza: "Mama, hilo halihusiani." Je, ananiona mwongo? Shauri limeahirishwa. Nikirudi niseme nini?
Msomaji, Tandahimba

JIBU: Marahaba, binti yangu, na poleni kwa msiba.

Hajakuita mwongo. Huenda yote uliyosema ni kweli tupu. Baraza linatafuta jambo moja tu: mikorosho ile ni ya nani. Kila unalotaka kusema lipime kwanza: hili likithibitika, litaongeza au kupunguza uwezekano kwamba mikorosho ni yenu? Jirani akiacha pombe leo, mpaka hausogei hata hatua.

Mwenyekiti hakukuonea. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 nayo inataka hivyo mahakamani: unapokelewa ushahidi wa jambo linalobishaniwa na wa mambo yanayohusiana nalo, basi. Nilipokuwa karani niliandika maneno ya wajane wengi waliomaliza nafasi yao kumsema mtu, shamba lenyewe wakalisahau. Iliniuma sana, maana haki walikuwa nayo.

Wewe sema nani aliipanda mikorosho na lini. Nani alipalilia, nani alipuliza salfa, nani aliokota msimu hadi msimu pasipo mtu kumzuia. Mpaka ulipita wapi, na mzee gani alikuwepo ulipowekwa. Jirani alianza kuvuka lini? Hilo usiliache, kwa sababu madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Stakabadhi za AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, za marehemu zipeleke pia, lakini usizitegemee peke yake. Zinaonyesha aliuza kilo ngapi. Hazionyeshi korosho ziliokotwa chini ya mti upi. Mtafute aliyekuwa akibeba magunia kutoka shamba lile, aje aunganishe karatasi na miti.

Tena ujue kwamba lisilohusiana leo laweza kuhusiana kesho, swali likibadilika. Tuseme jirani angekuwa amekuuzia kipande cha shamba, kisha akadai alitia dole gumba akiwa amelewa hajijui. Hapo ulevi wake ungekuwa ndio shauri lenyewe, na mwenyekiti yuleyule angekuuliza habari za pombe.

Hata ule msiba usiutupe wote. Kutochangia kwake hakusaidii kitu. Ila kama siku ile, mbele za watu, alitamka kwamba mikorosho ile ni ya marehemu, hilo linahusiana moja kwa moja, na lina uzito kwa kuwa limetoka kinywani mwake. Waulize ndugu waliokaa naye pale. Akipatikana aliyesikia, umpeleke siku shauri litakaposikilizwa.