Hivi Uislamu unakupa nini hasa? Jibu langu kwa mnaoniuliza

Assalaam alaykum ndugu zangu, na kwa wasomaji wasio Waislamu habari zenu, karibuni pia maana hii nimeiandika kwa wote.

Kuna swali huwa naulizwa sana, mara na rafiki ambaye si Muislamu, mara na kijana wa Kiislamu kabisa aliyezaliwa humohumo ila kachoka, kwamba hivi wewe hii dini inakupa nini? Unaamka kabla ya jua, unashinda na njaa mwezi mzima, unatoa hela zako, afu shida zako mbona ziko palepale? Swali zuri tu, wala sikasiriki. Na jibu langu siku hizi limekuwa fupi: inanipa cha kufanya. Yaani kila hali ambayo moyo unakosa pa kushika, huzuni, hasira, kuchanganyikiwa, kujuta, hata furaha, dini hii ina jambo la kufanya kwa mikono na miguu na ulimi, halafu moyo unafuata nyuma taratibu. Wengi wanadhani ni kinyume, kwamba kwanza usisimkwe na imani ndo usali. Ukisubiri kusisimkwa utasubiri sana. Sali, moyo utakukuta hukohuko.

Tuanze na sala yenyewe basi. Kila sala ina rakaa zake, yaani mizunguko ya kusimama, kuinama na kusujudu: Alfajiri rakaa 2, Adhuhuri 4, Alasiri 4, Magharibi 3, Isha 4, jumla 17 za faradhi, yaani za lazima, kwa siku, na kila rakaa kuna Alfatiha, sura ya kwanza ya Kurani, kwa hiyo hata ukiwa mvivu namna gani, ukisali zako tano tu umeomba "tuongoze njia iliyonyooka" mara 17. Mtu akisikia hivyo anaona mzigo. Sasa jiulize simu yako inakukatisha mara ngapi kwa siku na kila ikikukatisha inakuacha vipi, maana mimi ikinikatisha inaniacha na wivu au na hasira au nimepoteza tu muda. Sala inanikatisha kwa faida yangu. Niko katikati ya kazi kichwa kimejaa, mtu kanisemea maneno, deni linanisumbua, wakati wa Adhuhuri ukiingia nanyanyuka natia udhu, maji usoni, mikono mpaka kwenye viwiko, napaka kichwa, miguu mpaka vifundoni, na kabla hata sijasema Allahu akbar nusu ya joto la kichwa imeshashuka.

Alafu kuna sijda. Mtume (s.a.w.) amesema mja anakuwa karibu zaidi na Mola wake akiwa amesujudu, basi zidisheni dua hapo. Mimi nadhani mtu asiyesali akitaka kujua sisi tunapata nini, aulizie sijda. Paji la uso liko chini, hakuna anayekuona uso wala anayekusikia, huhitaji mtu wa kati, huhitaji kupanga foleni kwa kiongozi yeyote wa dini, unaongea. Katika Suratul Baqara aya ya 186 Mwenyezi Mungu anasema waja wangu wakikuuliza habari zangu, basi Mimi nipo karibu. Kuna mambo sijawahi kumwambia binadamu yeyote, hata mke wangu ambaye namwambia karibu kila kitu, na yote nimeshayasema hapo chini, mengine kwa kurudiarudia maneno yaleyale kama mtoto anayedai kitu.

Na mtu akiniambia nataka kuanza sala au kurudi kwenye sala, nifanyeje, nachomwambia ni kwamba usianze na kila kitu. Hili ndo kosa naliona kwa watu kila Ramadhani, mtu anasali faradhi na sunna (sala za hiari) zote na tahajudi ya usiku wa manane na juzuu moja ya Kurani, yaani moja ya thelathini, kila siku, mwezi ukiisha na yeye kaisha. Kuna mbedui, Mwarabu wa jangwani, alimjia Mtume akauliza anachotakiwa kufanya, akaambiwa sala tano, funga ya Ramadhani na zaka, akaapa kwamba hatazidisha wala hatapunguza. Mtume akasema kafaulu ikiwa kasema kweli. Hakumwambia ongeza kidogo bana! Na Bi Aisha, mke wa Mtume, kapokea kwamba amali anayoipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu hata kama ni kidogo. Kwa hiyo shika faradhi tano kwanza, zikae, ziwe sehemu ya siku yako, sunna zitakuja zenyewe ukishaonja. Hata Kurani yenyewe haikuteremka siku moja, ilichukua kama miaka 23 kuanzia mwaka 610, na pombe haikukatazwa kwa mpigo, kwanza ikasemwa madhara yake ni makubwa kuliko manufaa, baadae ikasemwa msiikaribie sala mkiwa mmelewa, mwisho ndo ikafungwa kabisa. Mola anayemjua binadamu alimpandisha ngazi kwa ngazi, wewe unataka ubadilike wikiendi moja?

Alfajiri sitakudanganya ni ngumu. Ila nilichogundua ni kwamba tatizo la Alfajiri haliko asubuhi, liko usiku wake. Mtume alikuwa hapendi kulala kabla ya Isha wala maongezi baada yake, na sisi ndo kwanza baada ya Isha tunafungua klipu ya kwanza, ikiisha inajileta nyingine, unakuja kushtuka saa saba usiku afu unajilaumu huna imani. Imani unayo, usingizi ndo huna. Lala, simu iweke mbali na kitanda ili alamu ikilia ulazimike kusimama. Ukishazoea, zile dakika kabla jua halijatoka, kumetulia, hakuna anayekudai kitu, utaanza kuziona kama mali yako.

Sasa hasira, maana mimi kwa asili ni mtu wa hasira. Mafundisho hayaishii kusema usikasirike, ingekuwa rahisi hivyo nani angekasirika. Unaambiwa ukikasirika na umesimama, kaa, isipoondoka lala, na ujikinge kwa Mwenyezi Mungu na shetani. Nimejaribu kukaa chini katikati ya ugomvi na kwa kweli ni vigumu sana kumtukana mtu ukiwa umekaa, unajisikia mjinga kidogo na ule ujinga ndo dawa yenyewe.

Na msiba ndo kabisa. Mzee wangu alipofariki mimi sikuwa na uwezo wa kufikiri lolote, lakini sikuachwa nikae tu nikilia kwenye kona, kulikuwa na kazi. Tamka inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, yaani sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Muoshe. Mkafini, yaani mvike sanda, kwa shuka nyeupe. Simama safu umsalie, takbira nne, yaani Allahu akbar mara nne, hakuna rukuu (kuinama) wala sijda, unamuombea tu umesimama. Mzike, na uwahi. Yule aliyenilea mikono yangu ndo ilimuosha mara ya mwisho, na watu wengine hata siwajui majina walikuja wakasimama kwenye safu kwa sababu tu kafa Muislamu na kumsalia ni faradhi juu yao kama jamii. Sikuwa na amani siku ile, nisiseme uongo, ila sikupotea. Na mpaka leo bado kuna cha kumfanyia, namuombea dua, natoa sadaka kwa niaba yake, nawasalimia marafiki zake maana na hilo ni katika kumtendea wema mzazi baada ya kufa kwake. Mtu kafa na uhusiano bado unaendelea, hicho ni kitu kikubwa sana kwa mtoto aliyebaki.

Kuchanganyikiwa nako kuna istikhara, sala ya kumuomba Mungu akuchagulie, rakaa mbili nje ya faradhi na dua yake ambayo kwa ufupi unasema ewe Mola kama jambo hili ni kheri kwangu nirahisishie, kama ni shari niepushe nalo na unikadirie kheri popote ilipo kisha uniridhishe nayo. Watu wengi wanasali afu wanasubiri ndoto, sijui waone kijani au nyoka, ndugu yangu kwenye hadithi yenyewe hakuna habari ya ndoto. Unasali, unauliza wenye uzoefu, unaenda mbele, likifunguka sawa, likifunga sawa. Kile kipande cha mwisho cha dua, "uniridhishe nayo," ndo mimi nakipenda kuliko vyote maana mara nyingi kinachotutesa ni kubaki tunatamani kile tulichokosa.

Majuto je? Hapa ndo vijana wengi wanapokwama, anasema mimi nimeshafanya mengi sana siwezi kusimama mbele ya Mungu. Suratuz Zumar aya ya 53 inasema na wale waliojidhulumu nafsi zao, msikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu, hakika yeye husamehe dhambi zote. Na toba ina masharti yanayoeleweka, uache, ujute, uazimie kutorudia, na kama ni haki ya mtu umrudishie au umuombe radhi. Basi. Sharti la mwisho ndo gumu kuliko yote matatu ya mwanzo, maana kulia kwenye mswala usiku ni rahisi kuliko kurudisha hela ya watu mchana. Wala huhitaji kwenda kumhadithia mtu madhambi yako, kinyume chake unatakiwa ujisitiri.

Zaka na funga nitapita haraka ingawa nazo zina mengi. Zaka ni asilimia 2.5 ya akiba iliyofika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, na kupitiwa na mwaka wa mwezi mwandamo, na nisabu wanazuoni wengi wa sasa wanaikadiria kwa dhahabu gramu 85. Uzuri wake ni kwamba siyo hisani yako, ni haki ya mtu iliyokuwa imekaa kwenye mfuko wako, kwa hiyo huna cha kujivunia ukitoa. Funga nayo watu wanaona njaa tu, kumbe mtihani wenyewe uko mdomoni, kuna hadithi mtu akikutukana umefunga useme mimi nimefunga. Na kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, Ramadhani inazunguka misimu yote, ukiishi miaka 33 hivi ya kufunga utakuwa umeifunga kwenye joto, baridi, mvua, siku ndefu na fupi. Huwezi kumpangia Mungu msimu unaokufaa.

Kuna jambo moja ambalo sijalipata sehemu nyingine, safu. Bega kwa bega na mtu ambaye nje ya hapo pengine asingenisalimia. Malcolm X, yule mwanaharakati Mwislamu mweusi wa Marekani, mwaka 1964 alipokwenda Hija aliandika barua kueleza jinsi kukaa, kula na kusali na Waislamu weupe kulivyomfanya apange upya mawazo yake kuhusu rangi, na huyu hakuwa mtu wa kulainika kirahisi. Mwanaume akivaa ihramu, vazi la Hija, ni shuka mbili zisizoshonwa, huwezi kumjua waziri wala dereva. Je Waislamu hatubaguani? Tunabaguana, tena sana sehemu nyingine, na ni aibu, ila mbaguzi ikifika sala inabidi asimame kwenye safu ileile, hana namna.

Nina tahadhari mbili. Ya kwanza, ukiwa una ugonjwa, hata ule wa kichwa, huzuni isiyoisha, usingizi hauji wiki nzima, nenda hospitali, usikubali mtu akwambie imani yako ndogo. Mtume mwenyewe kasema jitibuni, Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila kauwekea dawa isipokuwa uzee. Dua na daktari havigombani. Ya pili, usijifunze dini kwa klipu za dakika moja za masheikh wanaorushiana maneno, utajua majina ya makundi yote na kukufurisha watu, yaani kuwaita makafiri, kabla hujajua nguzo za udhu. Tafuta mwalimu mmoja mtulivu, anayejulikana kasoma kwa nani, kaa naye ana kwa ana, muulize maswali ya kijinga. Ukiona mwalimu anakasirishwa na maswali, hamia kwa mwingine.

Na wale mnaoniandikia kwamba mnaona aibu kusoma Kurani kwa sababu mnakwamakwama, mtu mzima na anasoma kama mtoto wa darasa la kwanza, hadithi iko wazi kabisa, fundi wa kusoma yuko pamoja na malaika watukufu, na yule anayesoma kwa kubabaika huku inamuwia ngumu ana ujira mara mbili. Mara mbili, sio nusu! Soma mistari mitatu, angalia tafsiri yake kwa lugha unayoielewa, funga. Kesho tena.