Jibu: Kufuatilia bei ya rejareja ya nyanya mijini

Ndugu, umeuliza kwa nini bei za nyanya ulizoandika kwa wiki sita hazibadiliki ilhali wanunuzi wanalalamika kwamba zimepanda. Naona kosa liko kwenye kipimo, si kwenye hesabu: muuzaji wa rejareja anayeuza kwa fungu mara nyingi hapandishi bei, bali hupunguza fungu, hivyo nyanya tano zikibaki nne kwa bei ileile, mnunuzi analipa asilimia 25 zaidi kwa kila nyanya na daftari lako halioni chochote. Nunua fungu, lipime kwa mizani, kisha uandike bei ya kilo. Rudi soko lilelile, siku na saa ileile, kwa kuwa nyanya za jioni, zilizokwisha kubonyezwabonyezwa mchana kutwa, mara nyingi huuzwa kwa bei ya kutupa. Ukishakusanya bei za wauzaji kadhaa, zipange kwa mfuatano uchukue ile ya katikati, maana muuzaji mmoja wa ghali huuvuta wastani juu. Mwezi huu ulinganishe pia na mwezi kama huu wa mwaka jana, ili msimu wa mavuno usikudanganye.