Bodi ya alumini haizuii kutu: jibu kwa mwenye Land Rover ya 1975

SWALI: Fundi, salamu kutoka Mtongwe. Mimi ni mwalimu mstaafu. Marehemu shemeji yangu aliacha Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, ya mwaka 1975, na familia imekubali niichukue. Injini inawaka na gia zote zinaingia. Fundi wa jirani ameitazama akaniambia nisiwe na wasiwasi wa kutu kwa kuwa bodi yake ni alumini: "Hii haiozi, Mwalimu." Anataka kuipaka lami chini kote, apulizie na oili chafu, kisha yale mabaka ya unga mweupe chini ya milango ayazibe kwa fila na rangi. Siku mbili kazi imekwisha. Je, inatosha? Na kama alumini haikuwekwa kwa ajili ya kuzuia kutu, iliwekwa kwa nini?

JIBU: Mwalimu, mwambie huyo fundi asiiguse. Kama lami amekwisha kuinunua, ibaki debeni.

Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu humo ndimo ulimozaliwa uongo huu ninaousikia kila wiki hapa gereji. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na kazi za shamba alizifanya kwa jeep ya Willys iliyobaki baada ya vita. Akaona Rover inaweza kuunda gari lake lenyewe, la mkulima, la kulima na kubeba na kupita matopeni. Mwaka ule ni 1947. Uingereza ilikuwa imechoka na vita, na chuma cha pua kiligawiwa kwa kibali. Kiwanda hakikuweza kukipata kadiri kilivyotaka. Alumini ndiyo iliyokuwa ikipatikana, maana viwanda vilivyokuwa vikiunda ndege za vita vilikuwa vimepunguza kazi. Wakachukua aloi ya alumini iitwayo Birmabright, wakaikunja mabamba bapa yasiyohitaji mashine ghali za kubonyezea, na tarehe 30 Aprili 1948 gari likaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam. Ndiyo maana Land Rover za zamani zina ile sura ya sanduku tunayoipenda. Umbo lile lilitokana na uhaba, na alumini ilitokana na uhaba. Upepo wa chumvi wa Kilindini haukuwamo katika hesabu za mtu yeyote.

Sasa tazama walichokificha chini ya ile alumini. Chesisi ni chuma. Walichukua mabamba manne marefu wakayachomelea ubavu kwa ubavu hadi yakawa kisanduku kirefu chenye uwazi ndani, kila upande wa gari, vikaunganishwa kwa boriti za kukingama. Ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva, unaoshika bawaba za milango na fremu ya kioo cha mbele, nao ni chuma. Hata fremu zilizo ndani ya milango ni chuma. Alumini ni kanzu tu, mifupa yote ni chuma, na kanzu nyeupe haimwambii mtu kama mwenyewe anaumwa. Gari lako limetoka 1975, na Series III ilitengenezwa tangu 1971 hadi 1985 kwa mpango huohuo. Miaka hiyo yote hewa ya pwani imekuwa ikiingia ndani ya kile kisanduku.

Neno "ndani" ndilo ninalotaka ulishike. Chesisi ya Land Rover haianzi kuoza pale unapopaona. Matope na mchanga huingia kwa matundu madogo, hukaa sakafuni mwa kisanduku, na hushika unyevu kama sifongo. Kutu huanza pale, ikala kuelekea nje. Siku unapoona tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, ukuta wa ndani ulishakwisha zamani. Chuma chenyewe hakikuwa kinene: ni kama milimita 2 tu kilipotoka kiwandani Solihull.

Na sisi watu wa Mombasa tunaisaidia kutu kwa mikono yetu. Wengi huosha gari kwa maji ya kisima, na visima vingi vya hapa kisiwani na kandokando yake vina chumvi. Unamwona mtu amelala chini na mpira wa maji, anapuliza chesisi kwa bidii akidhani anaitunza, kumbe anaichovya. Magari yanayobeba samaki ndiyo yanayonitia huruma zaidi. Barafu inayeyuka, maji yake yenye chumvi yanatiririka nyuma, yanatua juu ya boriti ya mwisho, ile inayoshika ndoano ya kuvutia. Nimeikuta boriti hiyo imebaki rangi tupu. Nililigonga gari moja kwa kidole cha kati, wala si kwa nyundo, na kidole kikapenya.

Haya, njoo kwenye lami.

Ile chesisi ina matundu ya kutolea maji, yaliyotobolewa kwa makusudi chini ya kisanduku. Maji yakiingia, yatoke. Fundi anayepaka lami kwa brashi pana huyaziba yote asubuhi moja. Kuanzia siku hiyo maji yanayoingia kwa juu hayana pa kutokea. Pili, lami haishiki juu ya kutu. Inashika juu ya magamba ya kutu, na magamba yakiachia, lami inabaki kama ngozi iliyotuna, na katikati yake pana unyevu wa chumvi usiokauka hata jua la Januari liwake vipi. Tatu, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, huwezi tena kuona kinachoendelea. Chini panang'aa vizuri, peusi. Mwenye gari analala usingizi.

Oili chafu nayo sielewi ni nani aliyewafundisha watu kuwa ni dawa. Oili iliyokwisha kutumika ndani ya injini ina asidi na uchafu wa mwako. Ndiyo sababu tunaibadilisha. Ukiipulizia chini ya gari inanasa vumbi na mchanga, inaharibu mipira ya springi, inadondoka barabarani na kwenye udongo wa nyumba yako, na mvua mbili tatu za masika zinaiondoa pale palipohitaji kinga na kuiacha pale pasipohitaji. Nimeshabishana na mafundi wenzangu juu ya hili hadi sauti ikakauka.

Ule unga mweupe ni jambo jingine, na hapo hapo ndipo msemo wa "haiozi" unapoanguka. Alumini inapogusana na chuma, kisha pakawa na maji ya chumvi kati yake, metali hizo mbili hufanya kazi kama betri ndogo, na inayoliwa ni alumini. Ndiyo maana unauona chini ya milango, pale ngozi ya alumini ilipokunjwa kuishika fremu ya chuma. Ule unga ni alumini yako iliyokwisha kuliwa. Ukiweka fila juu yake, betri inaendelea kufanya kazi chini ya fila, na baada ya miezi michache rangi inavimba kama lengelenge. Kuna na wale wanaobadilisha skrubu zote wakatia za stenlesi wakidhani wametibu. Stenlesi haishiki kutu yenyewe, lakini ikifungwa juu ya alumini tupu kwenye hewa ya chumvi huila vilevile. Dawa ni kuzitenganisha: ngozi ivuliwe, unga usuguliwe wote, fremu itibiwe na kupakwa rangi ya kukinga kutu, alumini ipakwe rangi hata upande wa ndani usioonekana, na kati yake uwekwe ukanda wa mpira au silanti kabla ya kurivetiwa upya. Mlango mmoja hauishi siku moja.

Sasa, gari lako. Kabla ya kutumia hata shilingi, lipandishe juu ya stendi madhubuti, usitegemee jeki. Chukua nyundo ndogo na bisibisi, gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, kila shubiri. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Pale panapotoa sauti hiyo, sukuma bisibisi kwa nguvu. Usione huruma, kama inapenya ni heri ipenye mikononi mwako. Tumia muda zaidi kwenye ile boriti ya nyuma, kwenye vishikio vya springi, na kwenye ile mikono ya pembeni inayotoka kwenye chesisi kuja kuubeba ule ukuta wa mbele. Kisha inua zulia la dereva na abiria uitazame sakafu ya miguu, na pembe za juu za ukuta chini ya kioo, maana maji ya mvua hukaa hapo.

Kama chesisi ni nzima, umebahatika, na kazi yako ni nyepesi. Tafuta matundu ya kutolea maji uyazibue kwa waya. Ingiza mpira wa maji ndani ya kisanduku, maji ya mfereji au ya mvua, si ya kisima, uoshe hadi yatoke safi; mara ya kwanza utashangaa mchanga unaotoka. Liache likauke siku kadhaa, wakati wa kaskazi si wakati wa mvua za kusi, kisha ndani ipuliziwe nta maalumu ya chesisi, ile inayobaki laini na kutambaa kwenye mishono. Rudia kila mwaka.

Kama pameoza, sehemu mbovu ikatwe hadi chuma kizima, na kiraka kiwe cha unene uleule, kichomelewe mzunguko wote. Kuchomelea bamba juu ya kutu ni sawa na lami, tofauti ni moto tu. Kabla ya kukata, gari lishikiliwe lisipinde, la sivyo milango haitafunga tena. Na tafadhali sana: katika Series nyingi tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele, pua na mdomo na ile mikono ya pembeni; lakini kama lako ni lile la abiria lenye milango ya nyuma, tangi liko mkiani, karibu na boriti. Tangi litolewe kabisa. Usimsikilize anayesema ni tupu kwa hiyo halina neno. Tangi tupu limejaa mvuke, na ni mvuke unaolipuka. Nambari ya chesisi nayo, iliyogongwa kwenye chuma upande wa mbele, isikatwe wala kusagwa. Ikipotea, logibuku yako inabaki karatasi tu mbele ya wakaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Nimeeleza mengi ya kutisha, lakini sitaki uiache. Mimi nazipenda gari hizi kwa sababu moja inayonifaa fundi: zinafunguka. Mabawa, milango, paa, kitanda cha nyuma, karibu vyote vimefungwa kwa bolti na spana chache zinatosha. Mwaka 1955 vijana wa vyuo vya Oxford na Cambridge walitoka London na magari mawili ya Series I wakaenda hadi Singapore kwa barabara, wakafika 1956, na kilichowafikisha ni kuwa linaloharibika njiani linatengenezeka njiani. Uzao huo uliendelea kwa majina tofauti, Defender likiwa la mwisho, hadi gari la mwisho likatoka Solihull tarehe 29 Januari 2016. Wapo Uingereza wanaotengeneza chesisi mpya za Series zilizochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, ndani na nje. Ni ghali kuifikisha hapa, lakini mwenye kuiweka atawaachia wajukuu. Gari gani lingine la umri huo unaweza kulibadilishia mifupa yote na likabaki lilelile?

Ninachokiogopa kimekwishatoka kwenye Land Rover kikaenea. Hapa mjini siku hizi ukiona gari la zamani linauzwa, pikapu, lori la mchanga, hata matatu, tazama chini kwanza. Weusi mpya unaong'aa chini ya gari lenye umri wa miaka thelathini ni jambo la kutilia shaka. Muuzaji atakwambia amelifanyia sevisi. Mwambie alikwangue mbele yako mahali pawili utakapopachagua wewe, na bisibisi iwe mkononi mwako. Wapo watakaokasirika. Mwaka jana mama mmoja alinunua pikapu ya biashara ya mboga, peusi chini, panang'aa kama sufuria jipya. Kishikio cha springi kiling'oka akiwa na mzigo kwenye mteremko, na hakufa kwa sababu tu mbele yake hapakuwa na mtu wala gari. Chini ya ile rangi tulikuta gazeti lililobandikwa kwa fila. Gazeti, Mwalimu, limeshika springi.

Na yeyote atakayekuahidi kazi ya siku mbili, mlaze chini ya gari lako na umwombe akuonyeshe kwa kidole matundu ya kutolea maji yako wapi, moja moja, kulia na kushoto. Asipoyajua, chukua funguo zako urudi nazo Mtongwe.