Gari limebadilishwa injini? Uliza kwanza ile ya zamani ilikufa na nini

Gari ninaloendesha sasa lina injini ya pili na halinisumbui, kwa hiyo sitakuambia ukimbie ukisikia "limebadilishwa mashine". Tangu nilinunue, ndugu na marafiki huniita waende nami kila wanapotaka kununua gari lililobadilishwa injini. Nikifika, kabla hata boneti halijafunguliwa, humuuliza muuzaji: injini iliyotolewa ilikuwa na tatizo gani?

Wengi hawalitarajii swali hilo. Wamejiandaa kusifia injini mpya. Lakini injini haifi bila sababu, na mara nyingi sababu yenyewe haiondoki pamoja nayo. Kama ilichemsha mpaka silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) ikapinda, basi rejeta, feni, mipira ya maji na themostati vilivyosababisha huenda bado vipo vilevile, maana injini inayonunuliwa imetumika kwa kawaida haiji na rejeta yake. Ukiifunga kwenye mfumo uleule mbovu, nayo itachemka. Kama ilinoki, yaani ilikwama, kwa kukosa oili, jua gari lilikuwa mikononi mwa mtu asiyefanya sevisi, na giaboksi nayo imepitia mikono hiyohiyo. Kama ilivuta maji ya mafuriko, injini ndiyo tatizo dogo. Nyaya, soketi na kompyuta ya gari vilivyolowa vitakusumbua miezi mingi baadaye. Inua zulia la sakafuni, pitisha mkono chini yake, tazama kutu kwenye reli za viti. Sababu inayonipa hofu kidogo zaidi ni mkanda wa taimingi uliokatika, vali zikagongana na pistoni. Hilo linaua injini, lakini sehemu nyingine za gari hubaki salama.

Binamu yangu alipenda gari moja lililokuwa safi sana, rangi inang'aa, na muuzaji akasema mashine ina wiki chache tu tangu ifungwe. Injini ilikuwa ya baridi, nikafungua kifuniko cha rejeta. Maji yalikuwa ya kahawia kama chai ya rangi, na nilipopitisha kidole chini ya kifuniko kikatoka na tope la kutu. Kisha nikaona waya mwekundu umetoka kwenye feni, umepita juu ya betri na kuingia ndani ya gari hadi kwenye swichi iliyobandikwa chini ya usukani. Maana yake feni haikuwa ikiwaka yenyewe joto linapopanda, dereva alikuwa anaiwasha kwa mkono. Ile injini ya kwanza iliuawa na joto, na hakuna aliyeshughulika na joto hilo. Tuliliacha gari palepale. (Kifuniko cha rejeta usikifungue kamwe injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo chini ya presha yanaunguza vibaya mno.)

Swali la pili ni injini hiyo ilitoka wapi. Mpya ya kiwandani ni nadra kwenye gari la bei ya kawaida. Kuna iliyofumuliwa na kufungwa upya kwa ringi, beringi na gasketi mpya, na kuna iliyotolewa kwenye gari jingine, ambayo ndiyo utakutana nayo zaidi. Omba risiti, na fundi aliyeifunga, kama anapatikana, zungumza naye mwenyewe. Muulize kama alibadilisha mkanda wa taimingi, pampu ya maji na sili za oili wakati injini iko nje, kwa sababu hapo ndipo kazi hiyo huwa rahisi. Fundi aliyeifanya atakujibu bila kusita. Na usiitegemee namba ya kilomita kwenye dashibodi. Hiyo ni safari ya bodi, giaboksi na miguu ya gari, haisemi chochote kuhusu injini iliyohamia.

Karatasi zina uzito kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku, na katika nchi nyingi imeandikwa pia kwenye kadi ya gari. Zisome zote mbili kwa tochi, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, mwambie muuzaji akarekebishe usajili kabla hujalipa. Ukisema utalishughulikia baadaye, mzigo wa kueleza injini ilikotoka unakuwa wako. Ukiona sehemu ya namba imesagwa au imegongwa upya kwa herufi zisizo sawa, ondoka, hata gari liwe zuri namna gani. Angalia pia ukubwa. Toyota, kwa mfano, ina injini za 1NZ-FE na 2NZ-FE, ndugu wa ukoo mmoja wanaofanana sana kwa nje, lakini moja ina cc 1497 na nyingine cc 1298. Kadi ikisema moja na boneti likaonyesha nyingine, bima na usajili vitakuletea maswali.

Sasa kuwasha. Mwambie muuzaji mapema asiliwashe gari mpaka ufike, na ukifika gusa injini kwa mkono. Ikiwa tayari ina joto, rudi siku nyingine, kwa sababu injini iliyopashwa huficha mengi. Toa kijiti cha oili, kisha fungua kifuniko cha oili na utazame kwa ndani. Utando mzito wa rangi ya maziwa ni dalili kwamba maji yanaweza kuwa yanaingia kwenye oili. Waombe waliwashe wewe ukiwa nyuma. Mvuke mweupe unaopotea baada ya dakika chache ni wa kawaida. Ukiendelea injini ikiwa imepata moto, hasa wenye harufu tamutamu, maji yanaungua ndani. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na mweusi ni mafuta yanayozidi. Sikiliza ule mlio mzito wa kugonga unaotoka chini ya injini na kupanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Huo ni wa beringi, na hauponi kwa kuongeza oili nzito.

Kazi ya fundi aliyefunga injini inaonekana kwa macho. Nyaya zilizounganishwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa selotepu, bolti zilizopotea, vichwa vya bolti vilivyoliwa na spana isiyo saizi yake, mauntini (vishikio vya injini) zilizochoka hadi injini inaruka gari likiwekwa gia: ukiona hivyo, fikiria na visivyoonekana. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya cheki injini lazima iwake, halafu izime injini ikianza kuzunguka. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameificha. Ukipima kwa mashine ya kusoma kompyuta, usiridhike na jibu kwamba hakuna hitilafu. Magari mengi ya kisasa hujipima yenyewe yakiwa barabarani, na mashine nyingi zinaonyesha kama vipimo hivyo vimekamilika. Vingi vikiwa havijakamilika, uliza kama kumbukumbu zilifutwa asubuhi hiyo au betri ilitolewa.

Kama bado unalitaka, lipa fundi wako apime kompresheni, yaani presha ya kubana hewa, ya kila silinda. Ninachotazama zaidi ni silinda zisipishane. Tofauti inayopita asilimia 10 hadi 15 kati ya ya juu na ya chini inahitaji maelezo. Muuzaji anayekataa kipimo hicho huku wewe ndiye unayekilipia amekwisha kukupa jibu.

Ukilinunua, mwaga oili na maji yaliyomo hata kama umeambiwa ni mapya, weka ya aina ambayo mtengenezaji wa injini hiyo ameitaja, na badilisha chujio. Kwa kilomita 1000 za mwanzo pima oili na maji kila asubuhi kabla ya kuwasha, uandike kiasi unachoongeza. Oili au maji yakiendelea kupungua, rudi kwa fundi na daftari lako mapema, kabla injini haijaanza kuchemsha.