650 au 1000: Usinunue Injini ya Kuwafurahisha Wenzako

"Kaka, niko njia panda. V-Strom 650 au 1000? Wenzangu wananiambia nikichukua 650 nitajuta."

Ujumbe huu, kuhusu pikipiki za Suzuki, umeingia juzi, na hilo la kujuta limenigusa pabaya, maana na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Nilipochukua 650, wenzangu wa safari waliibatiza "ya kujifunzia". Kila tukisimama kujaza mafuta, kuna jamaa lazima anigonge bega aniulize nitaacha kunyonya lini. Nilikuwa nacheka nao. Lilikuwa linauma, na bado linanikera.

Siku moja jamaa huyo huyo aliegesha dude lake la injini ya lita moja kwenye changarawe, pua ikitazama mteremkoni, masanduku matatu yamejaa. Wakati wa kuondoka likagoma kurudi nyuma. Yeye ni mfupi kama mimi. Vidole vya miguu vinagusa, visigino vinaning'inia. Watu wawili wakashika masanduku, wakalivuta huku buti zake zikiteleza. Yangu niliisukuma peke yangu. Sikusema neno, ila nilitabasamu ndani ya helmeti njia nzima.

Tuje kwenye injini zenyewe. 650 ina sisi (cc, yaani ukubwa wa injini) 645 na nguvu za farasi kama 70. 1000 ina sisi 1037 na farasi kama 100. Kwenye barabara kuu, mwendo wa 110 au 120, zote mbili zinakwenda bila kulalamika, na ukiwa peke yako hutaona umepungukiwa na nini. Tofauti inajitokeza mlimani, lori liko mbele na nafasi ya kulipita ni fupi. Ile kubwa inatoa msukumo wake wote, nyutonimita kama 100, kwenye mizunguko 4,000 tu ya injini kwa dakika: unavuta mafuta, inaondoka. Ndogo ina 60 na kidogo, tena mpaka mizunguko ifike karibu 6,500. Kwa hiyo unashusha gia, pengine mbili, ndipo unapita. Mimi sioni kuwa huo ni mzigo, ndio uendeshaji wenyewe. Lakini mtu mvivu wa gia atachoka.

Tangi ni lita 20 kwa zote, na hapo ndogo inanifurahisha sana. Nisipoikamua inanisogeza karibu kilomita 400, wakati wenye kubwa wameshaanza kuulizana kituo kiko wapi.

Na usisome namba za ubavuni kama msahafu. Pikipiki za BMW F 750 GS na F 850 GS zina injini ya sisi 853 zote mbili. Moja imepunguzwa ikabaki na farasi 77, nyingine ina 95. Watu wanabishana usiku kucha kuhusu sisi ambazo hazipo!

Nisikilizeni, ndugu zangu. Wanaokucheka hawatakuwepo siku pikipiki imelala kwenye matope uko peke yako. Nunua ya miguu yako na ya safari zako. Acha mashindano ya vituo vya mafuta. Nasema tena, acha.

Sasa wewe uliyeniandikia. Umesema safari zako nyingi mkeo anakaa nyuma, na mnabeba mahema. Basi chukua 1000. Ndiyo, mimi wa 650 ndiye ninayekwambia. Kwa mzigo huo, 650 mlimani utaishi gia ya tatu na ya nne, na kila kupita gari kutataka hesabu. Ila fungua kitabu chake kwanza: chukua uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa pikipiki yenyewe, uone kinachobaki kwa ajili yenu wawili na mizigo. Injini kubwa haikupi ruhusa ya kubeba chochote utakacho. Na ukienda kuijaribu nenda na mkeo, mpande mlima gia ya juu, kisha zima injini uirudishe nyuma kwa miguu yako. Yeye akiwa ameshashuka, lakini.