Maandamano mbele ya zahanati na msikiti

SWALI: Assalaam alaykum, shekhe. Vijana wa mtaa wetu hapa Mombasa wanataka kuandamana Ijumaa kudai maji. Wengine wanasema tuifunge barabara ya msikiti na zahanati, ndipo tutasikika. Yafaa?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Kulalamika hadharani kuna asili. Katika Sunan Abi Daud, mtu aliyeudhiwa na jirani yake aliambiwa na Mtume (s.a.w.) atoe vyombo vyake aviweke njiani. Wapita njia wakawa wakiuliza, na wakisikia sababu humlaani yule jirani, mpaka akaja mwenyewe kumwambia rudi, sitakuudhi tena. Wako wanavyuoni wanaoyakataza maandamano moja kwa moja. Mimi siyaoni hivyo, madhali hayana dhulma. Lakini zingatieni: aliyemsaidia mdhulumiwa yule ni mpita njia. Lau njia ingefungwa, nani angeuliza?

Bukhari na Muslim wamepokea kuwa masahaba waliposema hawana budi kukaa njiani, Mtume aliwaamuru waipe njia haki yake, na mojawapo ni kuacha kuudhi. Mjamzito aliyekwama getini mwa zahanati ameudhiwa, naye pia kwao hakuna maji.

Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya kinawapa haki ya kuandamana kwa amani, bila silaha. Mpelekeeni mkuu wa kituo cha polisi taarifa ya maandishi siku 3 hadi 14 kabla, yenye jina na anwani ya mwandalizi, njia, na saa, kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Ni taarifa, si kuomba ruhusa.

Kusanyikeni uwanjani, si mlangoni mwa msikiti. Vitoza machozi vikirushwa pale, wazee wanaotoka kuswali ndio watakaobanwa.

Kwenye zahanati, upande mmoja wa barabara uwe mtupu na vipaza sauti vizimwe. Matairi msichome kabisa: moshi humfikia mwenye pumu kabla ya kumfikia gavana. Linaloharibika mara nyingi ni hili: wa mbele husimama kuipisha ambulensi, wa nyuma hawaioni, husukuma, na nafasi huzibika. Basi wekeni wasimamizi wenye fulana za rangi moja mbele, katikati na nyuma, na wawili getini wenye nambari ya muuguzi wa zamu. Muuguzi akipiga simu, wa nyuma ndio wasimamishwe kwanza.

Mkikosa watu wa kazi hiyo, piteni njia nyingine.

Wallahu aalam.