Utafiti wa virusi vya mafua na nimonia huanzia puani kwa mtoto

Karibu maabara, mdogo wangu. Najua siku unayoisubiri ni ile utakayokabidhiwa mashine ya PCR, inayonakili vinasaba vya kirusi mara nyingi mpaka vigundulike. Nami nilifika Mwanza na hamu hiyo hiyo. Ila mashine utaijua ndani ya wiki chache. Kinachochukua muda ni kujifunza kupata sampuli inayostahili kuingizwa humo.

Kijiti kiwe cha plastiki, ncha yake nailoni au poliesta. Usipokee vya mti na pamba kwa kuwa ni rahisi. Mti unaweza kuwa na kemikali zinazoua virusi na kuvuruga PCR. Mama akae, ampakate mtoto, kichwa kiegemee kifuani pake, na mkono wake mmoja ushike paji la uso. Ingiza kijiti taratibu, ukikilaza kuelekea sikio. Usikielekeze juu kama unafuata macho, maana njia ya pua imelala kama sakafu. Kikigota nyuma kiache sekunde chache, kizungushe, kisha kitoe. Mtoto atalia na chozi litamtoka. Wageni wengi hapo huingiwa na huruma, wakaishia kwenye makamasi ya mbele. Kesho yake jeni ya binadamu ya RNase P, tunayoitumia kuhakiki kama kijiti kilibeba seli, haionekani, na mtoto yule yule inabidi achokonolewe upya.

Halafu kuna safari, na hapa naomba unisikilize vizuri. Chupa za sampuli zikae nyuzi 2 hadi 8, zisivuke saa 72. Zaidi ya hapo zinahitaji friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri au baridi kuliko hiyo. RSV, kirusi kinachowabana watoto wachanga kifua, ni dhaifu mno kwenye joto. Mwaka wangu wa kwanza nilitoka Nansio, Ukerewe, na chupa 19. Umeme ulikuwa umekatika usiku, barafu hazikuganda sawasawa, nami nikazipanga kwenye kasha hivyo hivyo nikijipa moyo. Meli ilichelewa, jua likawaka. Tulipofungua kasha upande wa mjini, barafu zilikuwa maji ya vuguvugu. Karibu sampuli zote zilitoka hasi, na hakuna aliyeweza kusema kama watoto hawakuwa na virusi au virusi viliharibikia ziwani. Tukazitoa zote kwenye hesabu. Mama 19 walikuwa wametuamini, na hilo linaniuma mpaka leo.

Tangu hapo natembea na kipimajoto ndani ya kasha. Naandika joto tunapoondoka, tunapopanda meli na tunaposhuka. Fanya hivyo hata ukiwa umechoka. Na namba iandike ubavuni mwa chupa, siyo kwenye kifuniko, vifuniko hubadilishana.

Jambo la mwisho ni kusoma majibu. PCR huokota hata mabaki ya kirusi cha homa iliyokwisha wiki kadhaa nyuma. Rhinovirus, kirusi cha mafua ya kawaida, utaikuta kwa mtoto anayehema kwa shida, na utaikuta pia kwa anayekimbia ufukweni na wenzake. Ndiyo maana utafiti wa PERCH, uliotafuta visababishi vya nimonia kwa watoto na kuchapishwa 2019 kutoka nchi 7, Kenya na Zambia zikiwamo, ulipima pia watoto wa jamii wasio na nimonia. Kwa kulinganisha makundi hayo mawili waliweza kusema kwamba RSV peke yake ilibeba karibu asilimia 31 ya nimonia iliyolaza watoto wasio na VVU na kuonekana kwenye eksirei.

Kwa hiyo utatumwa kwenye nyumba ambazo hakuna mgonjwa. Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, utakuwa nacho, lakini hakimlazimishi mama kukupa ridhaa. Huku kwa Wasukuma asubuhi anza na "mwangaluka", ukae, ndipo ueleze shida yako. Atakuuliza, "Mwanangu haumwi, pua yake unaitakia nini?" Mjibu ukweli: "Mama, tukipima wanaoumwa peke yao, tutakisingizia kirusi ambacho hata wazima wanacho." Wengi huelewa, wengine humwita na mtoto wa jirani. Akikataa, mshukuru, ondoka na fomu yako, upige hodi nyumba inayofuata.